Picha ya Kinu Kisicho na Moshi

Baba alikubali kupasuliwa jicho kwa sharti moja: aone kwanza picha ya kinu. Alilisema hilo asubuhi tukinywa uji, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Mama alidhani ni utani. Mimi nilijua si utani, kwa sababu picha yenyewe ilikuwa chumbani kwangu, imeegemea ukuta, haijaisha, na nilikuwa sijui itaisha lini.

Kinu ninachosema ni kinu cha pamba, jengo la matofali ya kuchoma lililo kando ya mto unaoingia ziwani, mashariki ya mji wa Mwanza. Baba alichochea moto wa boila iliyoendesha mashine humo tangu ujana wake. Mama alikuwa mmoja wa wanawake waliokaa uani kutenga pamba safi na pamba chafu kabla haijaingia kwenye mashine. Hapo ndipo walipoonana, na mimi nikazaliwa katika vibanda vya wafanyakazi. Nilikuwa mdogo sana kinu kilipofungwa. Mashine zilipelekwa kwenye kinu kikubwa zaidi, wafanyakazi wakatawanyika, na baba akatuleta Kirumba mjini, akapata kazi ya kulinda ghala. Watu huniuliza kama nakumbuka kinu kikifanya kazi. Nakumbuka joto la ukuta mgongoni mwangu, basi. Moshi siukumbuki hata kidogo, na hilo lina maana katika habari hii.

Jicho la kulia la baba lilikuwa jeupe siku nyingi. Alilizoea, akawa anageuza shingo kama kuku anapotazama kitu. Kisha la kushoto nalo likaanza. Alianza kumimina chai nje ya kikombe. Alimsalimia jirani yetu "shikamoo mama" na jirani ni msichana wa rika langu; msichana akacheka mpaka akakaa chini. Tuliambiwa ni mtoto wa jicho, na kwamba daktari wa macho angefika hospitali ya Sengerema, ng'ambo ya ghuba, kiangazi hicho, akae kidogo, aondoke. Akishaondoka, ni kumngoja mpaka arudi tena, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Baba hakuogopa maumivu. Aliogopa kisu. Rafiki yake wa kinuni, ambaye walichochea pamoja moto wa boila moja, alipasuliwa macho mahali pengine miaka ya nyuma.

"Aliingia anashikwa mkono, akatoka anashikwa mkono," baba alisema. "Tofauti ni kwamba alipoingia alikuwa bado anauona mlango."

"Huyo alichelewa," mama alisema.

"Na mimi sijachelewa?"

"Utachelewa ukiendelea kuongea."

Ndipo akatoa lile sharti lake. Kama kisu kitachukua mwanga uliobaki, alisema, basi kwanza mwanga huo uone kinu. Asingeweza kwenda kukiona chenyewe, njia ni ndefu na miguu inataka macho. Lakini alisikia kwamba binti yake alikwenda huko akakichora.

Nilikwenda kweli. Sikwenda kwa ajili yake, na sioni sababu ya kujipamba hapa. Nilikwenda kwa sababu ya kalenda. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ukutani: ofisi za kijiji, maghala, shule, maduka ya ushirika. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kunakili herufi za kwenye mabati ya mafuta ya kula na maboksi ya sabuni, na picha nilijifunza kwenye kalenda kuukuu ambayo baba aliletewa na mtu wa bohari. Kila mwezi ulikuwa na mandhari ya nchi za baridi. Mwezi mmoja ulikuwa na jengo la mawe kando ya mto, miti mirefu, ng'ombe wawili wamesimama majini, na anga ya kijivu iliyonifanya nitake kulia bila kujua ninalilia nini. Miezi mingine niliichana nikaitumia. Ule sikuuchana. Niliutazama mpaka nikaamini kwamba picha halisi ni ile, na kwamba nisipoweza kuchora huzuni kama ile mimi si mchoraji, ni mwandika herufi tu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kinu chetu kimebaki gofu kando ya mto, moyo ulinidunda kwa furaha. Nasema furaha. Watu wa kando ya mto walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya karibu na barabara, wameacha nyumba zao na miti yao, na mimi nilifurahi kwamba pamebaki patupu, kwa sababu patupu panafaa kuchorwa.

Nilikikuta kama nilivyotaka. Mabati ya paa yalikuwa yameng'olewa na kupelekwa kuezekea shule ya kijiji kipya. Madirisha yalibaki matundu. Bomba la moshi lilisimama peke yake juu ya kuta, na mafunjo yalikuwa yametoka mtoni yakapanda mpaka kwenye ngazi za uani alipokuwa akikaa mama. Ng'ombe walishuka kunywa maji wakiwa na mchungaji aliyenitazama kwa mashaka, nikamweleza kwamba napima jengo. Sikuthubutu kusema nachora.

Nilichora siku kadhaa kwa penseli, nikarudi Kirumba na karatasi zangu, nikaanza kupaka rangi juu ya kitambaa kizito cha kufungia marobota ya pamba, nilichokipaka kwanza uji wa muhogo ukakauka. Rangi zilikuwa mabaki. Kijani kilikuwa tele, kilibaki kwenye kazi za ofisi. Nyeupe niliiomba Mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, kwa mafundi wanaopaka mitumbwi, kidogo kidogo, nikawa naihifadhi kama dawa. Kijivu nilikitengeneza kwa nyeupe hiyo na masizi ya kibatari.

Na hapo nikakwama kwenye anga.

Sijui nielezeje bila kuonekana mjinga. Nikipaka anga jioni, asubuhi naiona imekosewa. Naikwangua kwa kisu, napaka tena. Wingu moja juu ya bomba la moshi lilinisumbua kuliko jengo zima, kwa kuwa likiwa zito mno linaangusha picha, likiwa jepesi mno halina huzuni. Hata kazini nilikuwa hivyo. Herufi moja ikizidi wenzake kwa unene wa ukucha, nafuta neno zima. Mwenyekiti mmoja wa kijiji alisimama nyuma yangu akasema, "Binti, neno moja wiki nzima? Hao wakulima watalisoma wakishavuna?" Watu walicheka, nami nikacheka, kisha nikalifuta neno tena.

"Imefika wapi?" baba aliniuliza kila aliporudi kutoka ghalani.

"Bado anga, baba."

"Anga si ipo tu? Anga nayo inajengwa?"

"Mungu alimaliza mbingu kwa siku moja," mama alisema kutoka jikoni, "lakini Yeye hakuwa na binti yetu wa kumsaidia."

Habari ikaja kwamba daktari ameshafika Sengerema. Jirani yetu alimpeleka shangazi yake, wakarudi. Mwingine akaenda. Baba aliuliza kuhusu picha, nikasema bado kidogo. Akasema, "Sawa, hakuna haraka," na akasema kwa wepesi ulionishtua, kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

Siku hiyo nilikaa mbele ya picha na brashi mkononi bila kupaka kitu. Nilikuwa nimeelewa jambo. Baba hakutaka niimalize. Kila niliposema bado, alikuwa akipewa siku nyingine ya kutokwenda. Nami pia sikutaka. Wingu lilikuwa limekosewa kweli, lakini lilikuwa limekosewa vile vile kwa majuma mengi, na ningeweza kuliacha. Niliogopa kile kisu kuliko alivyokiogopa yeye. Picha ikiisha, anapanda pantoni. Isipoisha, yuko hapa, anamimina chai mezani, lakini anaujua mlango uko wapi. Tulikuwa tumejificha wawili nyuma ya kitambaa kimoja, na wingu langu la kijivu ndilo lililotufunika. Nililielewa hilo lote, na kesho yake nikakwangua anga tena.

Aliyetutoa ni mama.

Nilikuwa nimekwenda kuandika ukuta wa ghala upande wa Buzuruga. Niliporudi mchana niliwakuta mlangoni. Mama alikuwa ameitoa picha chumbani kwangu, ameiweka mapajani mwa baba, kwenye jua. Hakuna mtu aliyewahi kuiona. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, amegeuza shingo, jicho la kushoto limekaribia kitambaa kiasi kwamba ncha ya pua yake ilikuwa na rangi ya kijivu mbichi.

"Shikamoo baba," nilisema, maana sikujua kingine cha kusema.

"Marahaba. Njoo. Huu ni mto?"

"Ndiyo, baba."

"Na huu ukuta wa boila. Huu hapa." Kidole chake kilipita juu ya matofali bila kugusa. "Umeuweka sawa. Mlango wangu huu." Kisha kidole kikapanda, kikafika juu ya bomba, kikasimama kwenye wingu. "Ehe. Na moshi."

Nilifungua mdomo.

"Moshi," mama alisema kabla yangu. "Huo huo uliokuwa unaniharibia kanga nilizoanika."

"Unaelekea wapi?" baba akamuuliza. "Mimi naona doa tu. Unalalia upande gani?"

Mama alitazama picha, akanitazama mimi. Sikuwahi kufikiria. Wingu langu lilikuwa limelala upande wa kushoto kwa sababu wingu la kwenye kalenda lilikuwa limelala kushoto.

"Unalalia ziwani," mama alisema.

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Basi ni asubuhi. Mchana upepo unatoka ziwani, moshi unakwenda juu ya mashamba. Asubuhi ndiyo unateremka na mto." Akatabasamu peke yake. "Ni zamu yangu hiyo. Humo ndani nimo mimi."

Nilitaka kusema. Nilitaka kusema kwamba hakuna boila wala moto wala mtu, kwamba hata paa halipo, kwamba ule si moshi na haujawahi kuwa moshi. Mama alinikazia macho, nami nikajua kwamba nikisema sasa baba haendi. Baba akarudisha picha kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto wa watu.

"Nimeona," alisema. "Mama watoto, tafuta shati langu."

"Futa pua kwanza," mama alisema. "Daktari ataanza kukutibu pua."

Tulivuka asubuhi. Baba alisimama kwenye ubavu wa pantoni akishika chuma, uso ameuelekeza majini, akaniuliza tumefika wapi, nami nikawa namwambia: sasa mawe yanabaki nyuma, sasa ni maji matupu, sasa naona miti ya ng'ambo. Hakuuliza kingine. Hospitalini walimpokea, wakamwosha, wakampa shuka. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kubaki naye, akabaki mama. Mimi nilirudi na pantoni ya jioni.

Kabla sijaondoka, mama alinivuta kando ya veranda.

"Weka moshi," aliniambia. "Kabla hajarudi. Weka na mabati. Unazo rangi?"

"Ninazo."

"Basi. Akifumbua macho akikuta gofu atasema nini?"

"Na asipoona?"

Mama alinipiga begani, si kwa kucheza. "Weka moshi," alisema tena.

Sijawahi kuwa na siku kama hizo nilizokaa peke yangu na ile picha. Kuchora mabati hakukuwa kazi, mabati nayajua. Niliyachora kwa chaki juu ya kuta, nikatazama, nikayafuta kwa kanga. Moshi nilijaribu mara nyingi. Nilikwenda hata kutazama moshi wa wanaobanika samaki Mwaloni. Kila nilichokileta kilikuwa moshi wa samaki, au moshi wa kalenda, moshi wa nyumba ya watu wa baridi wanaoota moto. Moshi wa kuni za boila, uliobeba vumbi la pamba, uliokuwa ukiteremka na mto asubuhi, sikuwa nao popote kichwani. Baba alikuwa nao. Na kama macho yake yangefunguka, angeujua wa uongo mara moja, kuliko mtu yeyote Mwanza nzima. Hilo nililiogopa kuliko gofu.

Pengine hiyo ni sababu nzuri ninayojipa. Pengine sikutaka tu kuharibu anga yangu. Mpaka leo sina hakika, na nimejiuliza kwa uaminifu wote ninaoweza. Picha ilibaki kama ilivyokuwa.

Jicho lilipona. Lilipona jicho moja, la kushoto. La kulia walisema litangoja. Baba alirudi amefungwa kitambaa, kisha kitambaa kikaondolewa, kisha kikaja kipindi cha kutopiga chafya na kutoinama, na mwishowe yakaja mawani mazito kama kitako cha chupa. Alipoyavaa jicho lake likawa kubwa kama la ng'ombe. Alimtazama mama kwanza, muda mrefu.

"Umezeeka, mama watoto."

"Na wewe hujapewa kioo bado."

Akanitazama mimi, akasema nimekonda. Akatazama ukuta, kikombe, mikono yake. Kisha akasema nimletee kinu.

Niliitundika picha karibu na dirisha. Baba alisimama mbele yake. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea, hajazoea umbali wa vitu. Mama alikuwa anachambua mchele, akaacha, ungo mapajani.

"Bati hakuna," baba alisema.

"Hakuna, baba."

"Walipeleka wapi?"

"Shule ya kijiji kipya."

"Shule." Alilipima neno hilo. "Na madirisha?"

"Sijui. Nilikuta matundu."

Kidole chake kilipanda kwenye bomba, kikapita juu yake. "Na hili?"

"Wingu, baba."

Watoto walikuwa wakigombana uani kwa jirani. Baba hakugeuka.

"Moshi wa boila hauna rangi hii," alisema. "Nililiona hilo siku ile. Nikadhani ni macho yangu."

"Baba watoto," mama alisema.

"Na wewe ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

"Ukanidanganya."

"Nikakuvusha," mama alisema, akaanza tena kuchambua mchele, haraka haraka, mikono ikikosea na kutupa punje nzima pamoja na mawe.

Baba aliendelea kutazama. Maji yalimtoka kwenye lile jicho jipya, akanyanyua mkono, akakumbuka kwamba amekatazwa kulisugua, akaushusha mkono. Maji yakateremka nyuma ya kioo cha mawani mpaka kidevuni. Nilisema kwa haraka kwamba picha haijaisha, kwamba naweza kuweka paa, anga yote naweza kuibadilisha, aniambie tu moshi ulikuwaje, nitaufuata neno kwa neno.

"Ulikwenda lini huko?"

"Kiangazi, baba. Kabla hujapasuliwa."

"Na kilikuwa hivi?"

"Kilikuwa hivi."

"Hukuongeza?"

Nilifikiri kuhusu kalenda, na lile wingu lililolala kushoto. "Huzuni niliongeza," nilisema. "Jengo sikuongeza."

Baba alicheka kidogo, pumzi tu. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya picha kama watu wanavyokaa nje ya nyumba ya mfiwa, mikono katikati ya magoti. Alikaa hivyo mpaka mama alipowasha jiko. Nilikaa chini karibu naye. Alinionyesha kuni zilipokuwa zikipangwa, mahali alipoangukia mara moja akaungua mkono, ngazi ambayo mama alikuwa akikaa na kujifanya hamwoni. Vyote vilikuwa mafunjo katika picha yangu. Alivionyesha ndani ya mafunjo hayo hayo, kimoja kimoja, bila kusema kwamba nimekosea.

"Nipake upya?" nilimuuliza tena.

"Usiguse."

Sijagusa. Bomba limeinama kidogo, na mguu wa nyuma wa ng'ombe mmoja si mguu wa ng'ombe. Baba hukaa hapo baada ya kazi, anavua mawani, anayafuta kwa shati, anayavaa tena, anatazama. Mimi nikipita na chombo cha maji nageuza uso upande mwingine, kwa sababu nikiliona lile wingu mkono unaniwasha.